Kadi inapinda, mkunjo unapasuka: kutatua matatizo ya kazi za karatasi kwenye hewa ya Tanga

Kadi ikipinda, wa kwanza kulaumiwa ni gundi. Ikinunuliwa gundi nyingine na kadi ikapinda vilevile, lawama inahamia kwenye manila, kisha kwa muuza duka. Kadi nyingi zinazoharibika hapa Tanga chanzo chake hakiko huko. Kiko katika mambo mawili yasiyoonekana kwa macho: maji yaliyoingia kwenye karatasi, na upande ambao nyuzi zake zimelala. Kila tatizo ninaloeleza hapa, liwe la kadi ya harusi, albamu ya picha au zawadi ya Idi, nalianzia kwenye maswali hayo mawili, kwa sababu ndiyo yanayookoa karatasi na pesa.

Karatasi ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na maji, zikalazwa na kukaushwa. Hata baada ya kukauka haziachi kunywa maji ya hewani. Hewa ikiwa na unyevu kila uzi unanenepa, hewa ikikauka unasinyaa. Uzi huo hunenepa sana kwa unene wake, lakini kwa urefu hauongezeki ila kidogo mno. Na kwa kuwa mashine ya kiwandani huzilaza nyuzi nyingi kuelekea upande mmoja, karatasi nzima hutanuka upande mmoja kuliko mwingine. Sisi tuko ufukweni. Kuanzia Raskazone hadi Ngamiani hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, na masika yakikolea mwezi wa nne na wa tano, hata karatasi iliyofungiwa kabatini hulegea mkononi.

Jua nyuzi kabla hujashika mkasi

Chukua kipande cha manila cha mraba, ukubwa wa kiganja. Kipinde polepole bila kukivunja, kisha kigeuze ukipinde kwa upande wa pili. Upande mmoja utakubali, mwingine utakupinga. Pale kilipokubali, mgongo wa mpindo umelala sambamba na nyuzi. Kama karatasi ni nyembamba na huna uhakika, lowesha uso mmoja wa kipande kidogo kwa kidole chenye maji. Mara moja kitajikunja kuwa mrija, na mrija huo umelala sambamba na nyuzi. Hata kuchana kunasema: ukizifuata nyuzi, mchano unakwenda karibu na mstari ulionyooka, ukizikata, unayumba.

Ukishajua, chora mshale kwa penseli nyuma ya karatasi kubwa kabla hujaikata. Vipande vikishakuwa vingi mezani, bila mshale utaanza kubahatisha.

Mkunjo unapasuka au unaonyesha weupe

Hili ndilo lalamiko la kwanza la mtu anayetengeneza kadi nyingi kwa pamoja. Amekunja vizuri, amebonyeza kwa kucha, lakini mgongo wa kadi umechanikachanika na weupe wa ndani unaonekana kwenye manila ya rangi.

Angalia nyuzi kwanza. Karatasi nyingi za A4, yaani milimita 210 kwa 297, nyuzi zake zimelala kwa urefu. Ukiikunja katikati kupata kadi ya A5, ambavyo ndivyo karibu kila mtu hukunja, mkunjo unazivunja nyuzi zote. Kwa karatasi ya fotokopi ya gramu 80 kwa mita ya mraba huoni kitu. Kwa manila ya gramu 200 na kupanda, utaona. Sasa ikate hiyo A4 katikati kwanza, upate vipande viwili vya milimita 210 kwa 148, kisha kunja kila kimoja kuwa kadi ya A6. Mkunjo sasa unafuata nyuzi na unalala laini. Ndiyo maana mtu mmoja, kwa manila ileile, hutoa kadi ndogo safi na kadi kubwa zilizochanika mgongo, akadhani mkono wake umechoka.

Mteja akitaka kadi kubwa, nunua manila lile karatasi zima na uchore vipande vyako ili mkunjo ufuate mshale. Utapoteza kipande pembeni, na katika hesabu ya karatasi moja unaweza kupata kadi pungufu kuliko ulivyotarajia. Ikubali hasara hiyo mapema na uiweke kwenye bei. Njia nyingine ni kuikunja A4 kwa urefu wake, upate kadi ndefu nyembamba. Inapendeza kwa mwaliko wenye maandishi machache.

Pili, manila haikunjwi bila kuchorewa mfereji. Weka kadi juu ya gazeti lililokunjwa mara kadhaa, weka rula ya chuma, pitisha kalamu iliyokwisha wino au mgongo wa ncha ya mkasi mara mbili tatu, kwa mkono mwepesi. Unataka kuibonyeza karatasi, usiikate. Wengi hukosea kitu kimoja hapa: hukunja kuelekea ndani ya mfereji. Mfereji uchorwe upande utakaokuwa nje ya kadi, na kile kituta kinachojitokeza upande wa pili ndicho kibaki ndani ya mkunjo. Hivyo nyuzi za nje zinapata nafasi ya kugeuka bila kuvutwa.

Tatu, kama ufa unapita kwenye rangi iliyochapwa wakati karatasi yenyewe ni nzima, tatizo ni wino. Printa ya leza na mashine ya fotokopi hazipaki wino wa maji. Zinayeyusha unga wa plastiki juu ya karatasi, na plastiki hiyo haikunjiki. Panga mchoro wako uache ukanda usio na rangi nzito pale mkunjo unapopita. Hakuna dawa nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Kadi zilizokwisha kupasuka zisitupwe. Funika mgongo kwa ukanda mwembamba wa kitambaa au wa karatasi nyembamba, upana wa sentimita mbili, moja kila upande. Ukifanya kwa rangi inayopingana na ya kadi, itaonekana ilipangwa tangu mwanzo.

Imebandikwa jioni ikiwa sawa, asubuhi imepinda

Itazame imepindia wapi. Karibu kila mara kadi huinamia upande uliobandikwa karatasi ya pambo. Sababu yake ni kwamba ulipoipaka gundi, karatasi ya pambo ililowa ikatanuka. Ukaibandika ikiwa imetanuka hivyo hivyo kwenye manila kavu. Usiku ikakauka, ikataka kurudi ukubwa wake wa kwanza, na kwa kuwa imeshashikwa na gundi, ikaivuta manila pamoja nayo.

Kwa hiyo gundi yenye maji mengi huvuta zaidi. Gundi nyeupe ya maji ni nzuri na hushika barabara, ila watu huiongeza maji ili isiishe haraka, na hapo ndipo wanapoinunua shida. Paka safu nyembamba kwa brashi, ukianzia katikati kwenda nje, usubiri kidogo ianze kunata, ndipo ubandike. Kwa karatasi nyembamba sana tumia gundi ya kijiti, ile ya kuzungusha, ambayo maji yake ni machache.

Halafu linganisha nyuzi. Mshale wa karatasi ya pambo na mshale wa manila vielekee upande mmoja. Vikipingana, kila moja inavuta kwake na kadi inajipinda mshazari; hiyo ndiyo kadi ambayo pembe mbili ziko juu na mbili ziko chini, na ni ngumu kuliko zote kuinyoosha.

Dawa ya kudumu ni kubandika pande zote mbili. Ukibandika karatasi ya pambo mbele, bandika na nyuma karatasi ya unene uleule, gundi ileile, nyuzi upande uleule. Nguvu ya mbele inavutana na ya nyuma na kadi inabaki imenyooka. Mafundi wa majalada ya vitabu hufanya hivyo siku zote. Ndiyo njia ya kuokoa kadi iliyokwisha kupinda pia: usihangaike kuilowesha mbele, bandika karatasi nyuma, iweke chini ya uzito, na ikikauka itajirudisha.

Uzito ni sehemu ya kazi, wala si nyongeza. Weka kadi kati ya karatasi safi zinazonyonya maji, juu yake ubao ulionyooka, juu ya ubao vitabu vizito au dumu la maji. Baada ya saa moja badilisha zile karatasi, kwa sababu zimeshakunywa. Acha usiku mzima. Wakati wa masika acha siku mbili. Anayeharakisha kwa feni hujidanganya, maana uso unaopigwa na upepo hukauka na kusinyaa kabla ya mwingine, kadi ikapindia kwenye feni. Jua la saa sita linafanya vivyo hivyo, tena linachuja rangi.

Mawimbi na mapovu

Mawimbi kwenye kingo za karatasi ambayo hata hujaigusa yanatokana na hewa tu. Rimu ikifunguliwa, kingo hunywa unyevu kabla ya katikati, zikatanuka peke yake na kuyumba. Karatasi za namna hiyo hukwama kwenye printa na hubandikika vibaya. Toa karatasi unazohitaji, funga rimu kwa karatasi yake ya kiwandani na uitie kwenye mfuko wa nailoni. Kama umenunua kutoka duka lenye kiyoyozi, iache nyumbani siku moja ikiwa imefungwa bado, ndipo uifungue.

Mapovu chini ya pambo ni hewa iliyonaswa. Bandika ukianzia ukingo mmoja, teremsha polepole, na usugue kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda nje. Povu likigundulika wakati gundi bado mbichi, litoboe kwa sindano na ulibonyeze. Likishakauka liache, au liwekee ua juu yake.

Vipambo vinabanduka

Mara nyingi mkono ndio wenye kosa: mafuta ya nazi, jasho, vumbi la chaki. Nawa, kausha, na ushike karatasi kwa kingo. Tepu ya pande mbili inashika kwa kubonyezwa, si kwa kuwekwa tu; ipitishie kijiko kwa nguvu. Karatasi ya kung'aa yenye ngozi ya plastiki hainywi gundi ya maji, hivyo hapo tepu ya pande mbili ndiyo sahihi. Glita siipendi kwenye kadi za watoto, kwa sababu hupukutika na kuingia machoni, na chochote unachobandika juu yake kinabanduka pamoja nayo. Kama lazima utumie, bandika kila kitu kwanza, glita iwe ya mwisho.

Gundi ya fundi viatu iache kwa fundi viatu. Inapenya, inageuka kahawia, na mwaka mmoja baadaye doa lake linaonekana upande wa pili wa karatasi. Selotepu ya kawaida nayo hugeuka njano na gundi yake kubaki kama ngozi ngumu juu ya picha.

Anayetaka gundi ya bei nafuu kwa kazi ya karatasi tupu apike ya unga. Kipimo kimoja cha unga wa ngano au wanga wa muhogo, vipimo vitano vya maji. Koroga unga kwa maji baridi hadi vidonge viishe, tia motoni, endelea kukoroga mpaka uzito uje na weupe upungue, kisha iache ipoe. Hushika vizuri sana na haichafui. Katika joto letu haidumu. Ikianza kunukia uchachu, imwage. Na ina adui wawili, mende na ukungu, hivyo usiitumie kwenye albamu itakayofungiwa kabatini miaka.

Wino unasambaa

Printa za nyumbani zinazorusha wino huwa mara nyingi zinatumia wino unaoyeyuka kwa maji. Tone moja la jasho linatosha kufuta jina la bibi harusi. Pima kwanza: chapa neno moja, subiri likauke, lipitishie kidole chenye unyevu. Likitoka, usipake gundi ya maji juu yake wala nyuma yake. Peleka kazi kwenye duka lenye printa ya leza, au tumia tepu ya pande mbili. Maandishi ya mkono yaandikwe kabla ya kubandika, ili ukikosea urudie kipande kidogo badala ya kadi nzima. Karatasi ya krepu, hasa nyekundu na ya zambarau, ikiguswa na maji hutoa rangi ikachafua kila kilicho karibu, kwa hiyo maua yake yakae mbali na gundi mbichi.

Waliozoea kupeleka kadi kwenye leminesheni wakumbuke kuacha milimita tatu hadi tano za plastiki nje ya karatasi pande zote. Wanaokata hadi kwenye karatasi hufungua mlango: unyevu unaingia kwa pembeni, na plastiki inaachana.

Kitenge, khanga, ukili na katani

Hapa ndipo kadi ya Tanga inapoweza kuwa ya Tanga, na ndipo napenda watu watumie muda wao. Vipande vinavyoanguka chini ya cherehani ya fundi vinatosha kadi za mwezi mzima, na fundi wengi hukupa ukiomba kwa adabu. Malalamiko ni mawili: kitambaa kinachakaa kingo, na gundi inatokeza mbele ikaacha doa.

Yote mawili yana tiba moja. Usikate kitambaa kikiwa kitupu. Kipige pasi, kisha kibandike kwanza juu ya karatasi nyembamba: paka gundi nzito, safu nyembamba, kwenye karatasi na si kwenye kitambaa, subiri ianze kunata, ulaze kitambaa juu na ukandamize kwa kiganja. Kikikauka chini ya uzito, kikate kwa mkasi mkali upendavyo. Kingo hazitafumuka, na gundi haitapanda kwa kuwa karatasi imeshainywa. Khanga mpya yenye rangi nzito ijaribiwe kwanza kwa kusugua kona yake na pamba nyeupe iliyoloweshwa. Pamba ikichukua rangi, ifue khanga kabla ya kuitumia. Ukiwa na khanga iliyochakaa katikati lakini jina lake bado linasomeka, likate jina lote na ulibandike mbele ya kadi. Huhitaji kuandika salamu nyingine.

Ukili wa mwaa uliosukwa unapendeza pembezoni mwa kadi na kwenye jalada la albamu, lakini ukibandikwa ukiwa haujatulia hujinyanyua. Uloweshe kidogo, uunyooshe chini ya uzito hadi ukauke, ndipo uubandike kwa gundi nyeupe isiyoongezwa maji, na uubane kwa vibanio vya nguo mpaka asubuhi.

Kamba ya katani haikosekani katika mkoa huu ambao mkonge ulianza kupandwa kule Pangani mwaka 1893. Inafunga zawadi vizuri kuliko riboni ya plastiki, ila ina singa zinazochoma na fundo lake hulegea. Pitisha kamba haraka juu ya moto wa mshumaa, mbali na karatasi, ziungue zile singa za nje tu. Pale utakapofunga fundo, palainishe kwa vidole vilivyolowa, kaza, na ncha zipakwe tone la gundi zisifumuke. Ukiitumia kushonea albamu, pakaa nta ya mshumaa kwanza. Matundu yatobolewe na shazia, ile sindano kubwa, kabla ya kushona, na kamba ivutwe sambamba na ukurasa. Ukiivuta kwenda juu, ukali wake unaikata karatasi kama msumeno.

Kadi ya kuinuka haifungi, au umbo linachungulia nje

Hizi ni zile kadi ambazo ukizifungua nyumba au jahazi linasimama. Umbo lake rahisi ni kisanduku kilichobandikwa kati ya kurasa mbili. Kama kadi haifungi bapa, pima pande za kisanduku. Pande zinazotazamana lazima zilingane kabisa, na tofauti ya milimita mbili inatosha kuigomesha kadi. Umbali kutoka mkunjo mkuu hadi mahali pa kubandikia kwenye ukurasa mmoja uwe sawa na upande wa kisanduku ulio mkabala nao.

Kama inafunga lakini pembe inachungulia nje, ni hesabu ya kujumlisha. Chukua umbali wa kisanduku kutoka mkunjo kwenye ukurasa wa kwanza, ujumlishe na umbali wake kwenye ukurasa wa pili. Jumla hiyo ndiyo mahali pembe itakapofika kadi ikifungwa. Kwa kadi ya A6, ambayo upana wake ni milimita 105, jumla isizidi 100. Tanga la jahazi ulilobandika juu ya kisanduku nalo liingizwe kwenye hesabu. Mikunjo ya kisanduku ifuate nyuzi, la sivyo itachakaa kwa kufunguliwafunguliwa na watoto.

Albamu imevimba, picha zimenata, kurasa zina madoa

Albamu inayobaki kinywa wazi haina kosa la kushona. Kila picha uliyobandika imeongeza unene upande wa nje, na mgongoni hapakuongezwa kitu. Wakati wa kuitengeneza, shonea kati ya kila ukurasa kipande chembamba cha manila, upana wa sentimita mbili, upande wa mgongo tu. Unene wa mgongo unakua sawasawa na wa picha. Albamu iliyokwisha kuvimba inaweza kuokolewa kwa kukata uzi na kuishona upya ikiwa na vipande hivyo.

Picha zisipakwe gundi. Kata pembe nne ndogo za karatasi, kunja kila moja kama mfuko, bandika pembe hizo kwenye ukurasa na uingize picha ndani. Siku mtu akitaka picha ya marehemu babu kuifanyia nakala, inatoka salama. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, ukiwa umeilaza juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino hubonyea hadi mbele.

Picha mbili zilizonatana kwa unyevu usizivute. Kwanza piga picha ya kile kinachoonekana kwa simu, kisha jua zimetengenezwa vipi. Picha za zamani zilizosafishwa studio kwa dawa huweza kuachana zikilowekwa kwenye maji safi ya baridi kwa muda na kutenganishwa taratibu, kisha zikaushwe uso ukiwa juu. Picha zilizotoka kwenye printa ya wino usizitie majini kabisa, zitafutika.

Vipande vya gazeti vinageuka njano haraka kwa sababu karatasi yake imebaki na lignini, ile dutu inayoshikamanisha nyuzi za mti, ambayo mwanga na hewa huibadilisha rangi, tena asidi yake inachafua ukurasa wa jirani. Kitoe fotokopi kwenye karatasi nzuri na uweke nakala. Makaratasi ya boksi la kaki nayo yana tabia hiyo, hivyo yafae kwa kadi za mwaka mmoja, yasikae mgongoni mwa picha za harusi.

Ukungu ukionekana, usiusugue ukiwa mbichi, utauingiza ndani. Peleka albamu barazani penye kivuli na upepo, ifungue kurasa zote, ikishakauka ufagie vumbi la ukungu kwa brashi laini ukiwa nje na umefunika pua. Madoa ya kahawia yatabaki. Baada ya hapo usiirudishe kwenye kabati linalogusa ukuta wa nje wala chini sakafuni, kwa ajili ya mchwa na vile vijidudu vya rangi ya fedha vinavyokula karatasi. Vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia ukiviweka pamoja na albamu ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga kabisa. Kwenye rafu ya wazi havina kazi, vinashiba siku hiyohiyo.

Zawadi inachanika pembeni na karatasi haitoshi

Kata baada ya kupima, usikisie. Urefu wa karatasi ni mzunguko wa boksi na sentimita tatu za kupandana. Kila upande wa mwisho uzidi zaidi kidogo ya nusu ya kimo cha boksi: boksi la kimo cha sentimita 10 liachiwe sita au saba. Ukiacha zaidi, pembe zinajaa mikunjo minene na hapo ndipo inapochanika. Karatasi nyembamba ya duka ikichanika kila mara, tumia ya kaki. Nyuzi zake ni ndefu na imara, inakubali kupigwa mihuri ya viazi au majani yaliyopakwa rangi, na hukaza vizuri na kamba ya katani.

Mkasi ukiacha kingo zenye meno, kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, ukipitisha mara kadhaa kwa mkono mwepesi. Wembe butu huivuta karatasi badala ya kuikata, na siku ya unyevu huivuta zaidi, maana karatasi imelegea.

Zawadi ya mviringo, mathalani chungu au chupa ya marashi, isilazimishwe kwenye karatasi. Ifunge kwa khanga, pindo mbili zipandane juu na fundo moja, na kadi ining'inizwe hapo kwa katani.